Nyumba Isiyovunja Ukoo: Historia ya Malezi ya Vijana Tandala na Nyanda za Juu Kusini

Mtu atokaye Makambako, mji ambamo reli ya TAZARA na barabara kuu iendayo Zambia hukutana, akashika njia ya Njombe na kutoka hapo akapanda kuelekea magharibi katika milima ya Kipengere, hufika Tandala, katika wilaya ya Makete, nchi ya Wakinga, ambako viazi mviringo, ngano na pareto hustawi kwa baridi ya milimani, na ambako kwa muda wa miaka mia na zaidi kanisa limekuwa likikabiliwa na swali moja lisilochakaa: mtoto aliyefiwa na wazazi wake, na kijana ambaye wazazi wapo lakini amewashinda, atalelewa na nani, na chini ya paa la nani?

Swali hilo halikuulizwa Tandala peke yake. Liliulizwa Bagamoyo na Mbweni siku za biashara ya utumwa, liliulizwa Hamburg na watu ambao hawakuwahi kuisikia Ukinga, na hivi leo linaulizwa katika mahakama za watoto na katika ofisi za ustawi wa jamii za kila wilaya. Majibu yamekuwa mengi, mengine ya huruma na mengine ya fimbo. Nayatunga makala haya kwa imani ambayo sina budi kuitamka mapema, nayo ni hii: katika vizazi vyote vilivyotutangulia, nyumba ya malezi ilifaulu pale ilipomtenga kijana na shari huku ikimwacha karibu na ukoo wake, na ilishindwa kila ilipojidhania kuwa yaweza kuwa badala ya ukoo.

Vijiji vya marika

Kumlaza kijana nje ya nyumba ya babake si jambo lililoletwa kwetu kwa meli. Katika nchi ya Wanyakyusa, ambao ni majirani wa Wakinga upande wa magharibi, mtoto wa kiume alipofika umri wa miaka kumi au kumi na mmoja aliacha kulala nyumbani kwao, akaenda pamoja na marika wake kujenga vibanda pembezoni mwa kijiji cha wazee, na kijiji hicho cha wavulana kikakua pamoja nao hata wakaoa, wakapata watoto, wakawa watu wazima wenye mamlaka yao. Mwanazuoni Monica Wilson, aliyeishi na watu hao pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliyaeleza hayo kwa urefu katika kitabu chake Good Company kilichotolewa mwaka 1951, na sababu alizozipokea kwa wenyeji zilikuwa za adabu na za uungwana: haikuwa stahiki kijana anayekaribia kubaleghe kulala karibu na faragha ya wazazi wake, na tena ilimpasa ajifunze kuishi na wenziwe kwa ukarimu na mazungumzo mema, maana mtu akaaye peke yake hapati hekima.

Jambo ambalo msomaji wa leo anapaswa kulitia moyoni ni utaratibu wa chakula. Wavulana wale walilala kijijini kwao, lakini hawakujipikia. Walikwenda kula kwa mama zao, tena walikwenda kwa makundi, leo kwa mama wa huyu na kesho kwa mama wa yule, hata kila mama akawa amewalisha watoto wa wenziwe na kuzijua sura zao na tabia zao. Mashamba waliyolima yalikuwa ya baba zao, na ng'ombe waliowachunga walikuwa wa baba zao, ambao ndio waliotazamiwa kuwatolea mahari siku ya kuoa. Basi kijana alikuwa mbali na nyumbani usiku, na mchana alikuwa nyumbani; alikuwa na uhuru wa rika lake, lakini njia ya kwenda kwa mamaye haikuota majani.

Kwa Wakinga nao ilikuwapo desturi ya namna hiyo. Mwanazuoni George Park, aliyefanya utafiti wake Ukinga katika miaka ya 1960, ameeleza jinsi vijana walivyolala katika nyumba za pamoja, wavulana mbali na wasichana, na jinsi walivyokaa humo kwa miaka mingi, kwa kuwa ndoa za Wakinga zilichelewa na mtu hakuhesabiwa kuwa amepungukiwa kwa kuwa hajaoa. Adabu ya mabweni hayo ilisimamiwa na vijana wenyewe, wakubwa wakiwaongoza wadogo, na wazee walitazama kwa mbali bila kuingilia kila neno.

Haifai, hata hivyo, kuisifu kale kupita kadiri. Mtoto asiye na mama wa kumpikia wala baba wa kumpa shamba alikuwa maskini katika mpango ule kama alivyo maskini katika mpango wowote, na hali yake ilitegemea moyo wa baba yake mdogo au mjomba wake. Fauka ya hayo, karne ya 19 ilileta misiba mizito: vita vya makabila, mabinti kutolewa rehani, na misafara ya watumwa iliyotoka pande za Ziwa Nyasa ikaelekea pwani ya Kilwa. Watoto walipotea wasijue kwao ni wapi. Hapo ndipo watu wa misheni walipokutana na tatizo ambalo vijiji vya marika havikuwa na dawa yake, yaani mtoto asiye na ukoo.

Nyumba ya Hamburg na nyumba za pwani

Ili kufahamu ni fikira gani walizokuja nazo Walutheri wa Ujerumani, yafaa tuwatazame kwao. Mwaka 1833, katika kitongoji cha Horn nje ya mji wa Hamburg, kijana mmoja mwanatheolojia aitwaye Johann Hinrich Wichern, mwenye umri wa miaka 25, alifungua makao ya wavulana waliokuwa wamezoea wizi, uzururaji na ugomvi, wengine wao wakiwa wameshajulikana kwa polisi. Nyumba ile iliitwa Rauhes Haus. Wichern hakujenga boma kubwa lenye ukuta na makufuli, kama ulivyokuwa mtindo wa magereza ya vijana wa zama zake. Aliwagawa watoto katika familia za watu wapatao kumi na wawili, kila familia na nyumba yake, na kila nyumba na ndugu mmoja wa kuikalia, akala nao, akafanya kazi nao, akasali nao. Walifundishwa useremala, ushonaji wa viatu, kilimo cha bustani na uchapaji, na waliimba sana. Mtoto alipopokelewa aliambiwa kuwa makosa yake ya nyuma yamesamehewa, wala hayatatajwa tena.

Wichern aliijua dhiki ya watoto hao kabla ya kuwapokea, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuzunguka katika vichochoro vya maskini wa Hamburg, akaingia vyumbani mwao, akaona baba mlevi na mama aliyechoka, akatambua kwamba uharibifu wa mtoto aghalabu ni dalili ya dhiki ya nyumba nzima. Ndiyo sababu mwaka 1848, katika mkutano wa kanisa huko Wittenberg, alisimama akalihimiza kanisa lote la Kiprotestanti la Ujerumani kwamba huduma ya upendo ni wajibu wake sawa na mahubiri. Kutokana na mwamko huo, na kutokana na kazi ya Theodor Fliedner aliyewaanzishia mashemasi wa kike nyumba yao huko Kaiserswerth mwaka 1836, ilikua ile huduma ambayo leo Walutheri wa Tanzania huiita diakonia.

Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kuona nyumba za watoto kabla Walutheri hawajafika Nyasa. Mapadri wa Roho Mtakatifu walijenga Bagamoyo mwaka 1868, wakawalea huko watoto waliokombolewa utumwani. Waanglikana wa Universities' Mission walikuwa na wavulana wao Kiungani na wasichana wao Mbweni, Unguja. Na Church Missionary Society walianzisha Freretown, karibu na Mombasa, mwaka 1875, miaka miwili baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa kwa mkataba. Baadaye kidogo, huko Lutindi, katika milima ya Usambara, Wajerumani walianzisha mwishoni mwa karne ya 19 nyumba ya watoto wa namna hiyo hiyo, ambayo mwanzoni mwa karne ya 20 iligeuzwa kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, na kazi hiyo inaendelea hata sasa.

Nyumba hizo ziliokoa maisha, na asiyekiri hivyo hatendi haki. Lakini zilizaliwa kwa ajili ya watoto ambao kwao hapakujulikana tena, na kwa hiyo misheni ilikuwa kwao baba, mama, mjomba, mshenga na hakimu. Mapadri waliwapangia kazi, wakawatafutia wachumba, wakawajengea vijiji vyao. Kwa mtoto aliyetekwa Nyasa na kuuzwa Unguja, pengine hapakuwa na njia nyingine. Hatari ilikuja baadaye, pale kipimo kilichokatwa kwa ajili ya mtoto asiye na ukoo kilipovikwa mtoto mwenye ukoo.

Misheni katika milima ya Ukinga

Berlin Mission, shirika lililoundwa mwaka 1824, lilifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, msafara wake ukiongozwa na Alexander Merensky, mzee aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi Afrika ya Kusini. Kutoka nchi ya Wanyakyusa walipanda milimani, wakajenga Bulongwa mwaka 1895, kisha Tandala, na kabla karne haijamalizika walikuwa wamekwisha kuingia kwa Wabena na kujenga Kidugala na Lupembe. Mmisionari R. Wolff, aliyewasikiliza Wakinga kwa makini kuliko wengi wa wenziwe, alitoa sarufi ya lugha yao mwaka 1905, kazi ambayo hadi leo ni shahidi kwamba mtu hawezi kuwalea watu ambao hajajifunza kuzungumza nao.

Katika kila kituo palikuwa na nyumba ya mmisionari, kanisa, shule, na punde si punde bweni. Waliokuja kukaa hawakuwa wa aina moja. Walikuwamo watu waliookolewa katika misafara ya watumwa na kukabidhiwa misheni na watawala wa Kijerumani, walikuwamo wasichana waliokimbia ndoa wasizozitaka, walikuwamo yatima, na walikuwamo wavulana waliovutiwa na kusoma, ambao wazee wao waliona wamepotea kwa kuiacha mifugo na kufuata daftari. Misheni ya Moravian, iliyokuwa jirani upande wa Rungwe na Utengule, iliwapokea watu wa namna hiyo hiyo, na Elise Kootz-Kretschmer aliyaandika masimulizi ya baadhi ya wanawake waliopitia utumwa, masimulizi ambayo yaonyesha jinsi mtoto aliyeng'olewa kwao anavyoendelea, hata akiwa mtu mzima na salama, kuwatafuta jamaa zake.

Bweni la misheni lilikuwa na mambo mawili ndani yake, jema na zito, nayo hayatengani kwa urahisi. Jema ni kwamba kijana wa Kikinga, aliyezoea kulala na marika wake, hakuliona bweni kuwa kitu kigeni kabisa. Alikuta humo kazi, nyimbo, elimu na usalama. Zito ni kwamba njia ya kwenda kwa mama ilikatwa. Chakula kilitoka katika jiko la misheni, shamba lililolimwa lilikuwa la misheni, na sheria za kituo zilimtaka aache ngoma na matambiko ambayo kwa wazee wake ndiyo yaliyokuwa mafungamano ya ukoo. Baba alipoteza mikono shambani, na mama alipoteza kundi lililomjia jioni. Wako walimu na wamisionari waliolitambua jambo hili mapema, wakawapeleka vijana kwao siku za mavuno na kuwaita wazee washiriki katika mashauri ya ndoa. Wako na wengine waliodhani kwamba kadiri kijana anavyokuwa mbali na kwao ndivyo anavyokuwa karibu na Mungu.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipofika, Wajerumani walikamatwa na kuondolewa, na vituo vikaachwa chini ya uangalizi wa Waskoti wa Livingstonia, waliokuwa wachache na mbali. Waliobaki kuishika kazi walikuwa walimu na wazee wa kanisa wenyeji. Wajerumani walirudi katika miaka ya 1920, wakakamatwa tena vita vya 1939 vilipozuka, na safari hii Walutheri wa Augustana kutoka Marekani ndio waliokuja kuwasaidia wenyeji. Mara mbili, basi, kanisa la milimani liliachwa bila mabwana wake wa kigeni, na mara zote mbili watoto hawakuachwa, kwa sababu waliokuwa wakiwalea hasa walikuwa shangazi, bibi na walimu wa vijiji. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana yakawa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na milima ya Makete hatimaye ikawa na dayosisi yake, Dayosisi ya Kusini Kati.

Baba aliye mbali na serikali iliyo karibu

Katika muda huo huo nchi nyingine ilikuwa ikiundwa. Wanaume wa milimani walishuka kwenda kutafuta fedha ya kodi, wengine katika machimbo ya dhahabu ya Lupa huko Chunya, wengine katika mashamba ya mkonge ya Tanga, wengine katika chai ya Mufindi. Baadaye Wakinga walijipatia sifa ya uhodari wa biashara, na maduka yao yakajaa Makambako, Mbeya na hata Dar es Salaam. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, na barabara zilizofuata ziliifanya Makambako kuwa mlango wa kila mtu aendaye mbali. Mali ilipatikana, na watoto wakaachwa kwa bibi. Mabinti wadogo wa Njombe na Iringa walichukuliwa kwenda mijini kuwa watumishi wa nyumbani, wengine wakiwa bado na umri wa kuwa darasani. Vijiji vya marika vilikuwa vimekwisha, bweni lilikuwa la wachache waliofaulu mitihani, na kijana wa kawaida alijikuta hana baba wa kumkemea wala rika lenye adabu ya kumwongoza.

Serikali ya kikoloni ilikuwa imetunga mwaka 1937 sheria ya watoto na vijana, ambayo iliweka msingi wa mahabusu za watoto na shule za maadilisho, na shule ya maadilisho ijulikanayo nchini mwetu iko Irambo, mkoani Mbeya, si mbali sana na milima hii. Shule hiyo ni kwa wale waliohukumiwa na mahakama. Lakini kati ya mtoto aliyehukumiwa na mtoto aliyetulia pana umati mkubwa: anayetoroka shule, anayelewa ulanzi akiwa na miaka kumi na minne, aliyepata mimba, anayempiga bibi yake, anayelala stendi ya Makambako akibeba mizigo ya abiria. Kwa hao mahakama ni kali mno na shule ni dhaifu mno.

Mwaka 1968 Bunge lilipitisha sheria ya kusimamia makao ya watoto, na mwaka uliofuata sheria ya elimu iliiwezesha serikali kuzichukua shule nyingi za mashirika ya dini. Uamuzi huo uliwaumiza wengi makanisani, lakini katika historia ya malezi ulikuwa na tokeo ambalo halisemwi mara nyingi: kanisa, likiwa limepungukiwa na shule, lilirudi kwenye ile kazi ya Wichern na Fliedner, yaani wagonjwa, vilema, yatima na watu walioshindikana. Hospitali za Bulongwa na Ilembula ziliendelea. Ilembula ikawa na makao ya yatima. Kwa upande wa Wakatoliki, Wamisionari wa Consolata, waliofika Iringa mwaka 1919, walikuwa na watoto wao Tosamaganga, na katika miaka ya 1960 walijenga hospitali ya Ikonda, jirani kabisa na Tandala. Tandala penyewe pakawa na Kituo cha Diakonia cha dayosisi.

Miaka ya msiba

Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, lakini ugonjwa ulipoikamata Makete, nchi ya watu wasafirio, uliikamata kwa mikono miwili. Mkoa wa Njombe ulipotengwa na Iringa mwaka 2012 ulizaliwa ukiwa na takwimu ya kutisha: utafiti wa taifa wa 2011–12 ulionyesha kuwa asilimia 14.8 ya watu wake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wakiishi na virusi, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 5.1. Utafiti wa 2022–23 bado uliiweka Njombe juu ya mikoa yote, kwa asilimia 12.7. Nyuma ya tarakimu hizo palikuwa na nyumba ambamo bibi wa miaka sabini alilea wajukuu wanane, na nyumba nyingine ambamo mkubwa wa wote alikuwa mtoto wa darasa la sita.

Kwanza msiba ulidai nyumba za watoto wachanga. Mama alikufa, maziwa hayakuwapo, na ukoo ambao ungeweza kumlisha mtoto wa miaka mitano haukuweza kumnyonyesha wa miezi mitatu. Vituo vya kanisa vikawapokea wachanga hao, na vilivyo bora kati yake viliweka sharti moja la hekima: ndugu wa mtoto ajulikane tangu siku ya kwanza, aje kumtazama, na mtoto arudi kwao akishakuwa na nguvu ya kula ugali. Sharti hilo liliwaokoa watoto wengi wasiwe watu wa kituo maisha yao yote.

Kisha, tangu mwaka 2004, serikali ilipoanza kutoa bure dawa za kufubaza virusi, hali iligeuka. Wazazi walianza kuishi, na wachanga waliozaliwa na virusi walianza kukua. Kazi iliyokuwa ya chupa za maziwa ikawa kazi ya vijana wa miaka kumi na tano: kijana anayemeza dawa kwa siri bweni lisijue; kijana anayeiacha kwa hasira baada ya kuambiwa ukweli ambao shangazi alimficha miaka kumi; kijana anayemlaumu baba aliyekwisha kuzikwa. Mtu akimwona huyu akitoroka shule na kunywa, ataita ukaidi. Lakini aliye karibu naye atajua kwamba ni huzuni iliyokosa pa kuwekwa. Ndipo ilipoonekana wazi kwamba kumpa kitanda na sahani hakutoshi, na kwamba lazima mtu akae na bibi, shangazi na kijana katika chumba kimoja wasemezane.

Onyo kutoka kwa wengine

Wala tusidhani kwamba jina la Kristo juu ya mlango ni kinga ya kutosha. Ireland, nchi yenye Wakristo wengi na taasisi nyingi za watawa, ilichapisha mwaka 2009 ripoti ya tume iliyochunguza shule zake za kazi, ambamo watoto maskini walikuwa wamefungiwa kwa miongo mingi, na ripoti hiyo ikathibitisha mapigo, njaa na uchafuzi wa miili ya watoto uliofichwa kwa muda mrefu. Marekani, ambako makao ya vijana watukutu yamekuwa biashara kubwa, mengine yakijitangaza kuwa ya Kikristo, malalamiko ya waliopitia humo yalilifanya Bunge lipitishe sheria iliyotiwa saini Desemba 2024 ya kuchunguza ukatili katika taasisi hizo. Pande zote mbili kosa lilikuwa na shina moja: barua zilizuiwa, wazazi hawakukaribishwa, na mlango ulifungwa kwa ndani. Pale ambapo mama haingii, hakuna jicho la kweli juu ya mtoto.

Sheria zetu zimekwisha kulielewa hilo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, iliyofuta ile ya makao ya watoto ya 1968 na ile ya kikoloni, humpa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, haki isiyoondolewa ila kwa uamuzi wa mahakama na kwa maslahi yake. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ulikubali mwongozo wa malezi mbadala usemao kwamba makao yawe msaada wa mwisho na wa muda. Kenya imekwenda mbele zaidi kwa mpango wa taifa wa 2022 hadi 2032 wa kuwarudisha watoto kutoka makao kwenda kwenye familia. Wako wanaosikia hayo wakahofu kwamba nyumba kama zile za milimani zitafutwa. Kwa maoni yangu hofu hiyo si ya lazima. Watakuwapo daima vijana ambao nyumbani kwao kwa mwaka mmoja au miwili hapakaliki, kwa sababu ya mapigo, ulevi au aibu, na kwao nyumba ya kanisa iliyo wazi na yenye watu wenye subira ni rehema. Kinachotakiwa ni nyumba hiyo iijue mipaka yake.

Kwa hiyo nawaomba wenye dhamana, katika dayosisi, katika parokia na katika halmashauri za Makete, Njombe na Makambako, wayatazame mambo ambayo historia hii imeyapima. Kila kijana anayepokelewa aandikiwe ndugu zake wote, wa baba na wa mama, na siku ya kurudi itajwe siku ile ile ya kuingia. Fedha ya nauli ya bibi kutoka kijijini iwekwe katika bajeti pamoja na fedha ya mchele, maana ziara yake ni sehemu ya tiba. Likizo zote kijana akalale kwao au kwa ndugu aliye salama, na mtu wa kituo amfuate kuona hali. Afundishwe kazi ya mikono inayohitajika kijijini kwake, na wazazi nao wafundishwe, bila kudharauliwa, jinsi ya kusema na mtoto aliyekua. Mlango uwe wazi kwa afisa ustawi wa jamii saa yoyote, na kijana ajue ni nani wa kumlalamikia ikiwa ameonewa humo ndani.

Husemwa kwamba mkono mmoja haulei mwana, na methali hiyo haikuacha nje mkono wowote, wala wa kanisa, wala wa serikali, wala wa ukoo. Nawe msomaji, ikiwa katika jamaa zako yuko kijana ambaye mmemtaja kuwa ameshindikana, kabla hamjatafuta pa kumpeleka, ketini kwanza na wazee wake mwulizane ni nani kati yenu atakayekuwa akimtembelea kila mwezi huko aendako. Na kama hapatikani hata mmoja, basi tatizo la kwanza liko kwenu, na hilo ndilo mlianze.